Fundo la Mbegu za Sauda

"Mkaanga mbegu asilaumu mvua." Hayo ndiyo maneno ambayo fundi Bilali alimwambia yule jamaa asubuhi, mkayasikia, mkayabeba mpaka hapa kwangu huku mnacheka. Eti, "Bibi, nani mwenye akili zake akaange mbegu?" Na wewe Ramla ndiye uliyecheka kuliko wote. Haya, kaa. Shika ungo huo uchambue choroko huku unasikiliza, maana mimi siwahadithii watu waliokaa mikono mitupu. Issa, na wewe vilevile. Choroko hazijui mwanamume wala mwanamke.

Yule jamaa alikuwa analalamika nini? Kwamba paa lake limeezuliwa na upepo na hakuna jirani aliyekuja hata kumshikia ngazi. Lakini nyinyi mnajua, nami najua, bwana yule hajapata kukanyaga msiba wa mtu mtaa huu. Basi fundi kamjibu kwa methali, akarudi kwenye cherehani yake. Methali hiyo haikutoka mbali. Ilizaliwa nyumba ya pili kutoka hapa, na aliyeitamka mara ya kwanza aliitamka mbele ya mama yangu mzazi. Mama alinisimulia siku moja tu, akakataa kuirudia mpaka anaingia kaburini. Chanzo chake ni hiki, na msitegemee kicheko humo ndani.

Zamani, hapa Ujiji, mtaa wetu huu kila nyumba ilikuwa na maua. Sisemi hayo ya plastiki mnayoyafuta vumbi mezani. Kila mwanamke alikuwa na tuta lake karibu na mlango wa jikoni, na kiangazi kikikolea, maua yakikaukia kwenye mashina, wanawake walivuna mbegu. Hukugusa kichwa cha ua mpaka kiiname chenyewe, na ukikitikisa usikie mbegu zinalia ndani. Ukichuma mbichi walikusema: huyo anakimbizwa na nani? Ukishavuna, unafikicha kwa viganja, unapeta makapi kwenye ungo, unafunga mbegu zako kwenye pindo la kanga, unakwenda kwa shoga yako.

Sasa sikilizeni desturi yenyewe, maana kisa chote kimekaa hapo. Mwenye mbegu hafungui fundo. Anamnyooshea mwenzake pindo, na mwenzake ndiye anayefungua. Na aliyepewa hapandi zote. Anabakisha kidogo, anazifunga kwenye kitambaa, anazitundika juu ya meko ili moshi uzilinde na wadudu. Hizo ziliitwa mbegu za mwenyewe, kwa sababu hazikuwa zako hata kama zimelala kwako. Zilikuwa za yule aliyekupa. Siku akipatwa na balaa, maji yakapita kwenye tuta lake au mbuzi wakaingia, unazishusha unampelekea. Kwa hiyo mtu aliyegawa mbegu zake alikuwa na akiba katika kila nyumba.

Basi palikuwa na Bi Nyamizi. Nyumba yake na ya mama yangu zilipakana, ukuta mmoja wa udongo katikati, wakiombana chumvi bila kutoka nje. Mungu alimpa mtoto mmoja tu, binti, jina lake Sauda. Sauda aliolewa ng'ambo ya ziwa, akakaa huko, kisha akarudi kwa mama yake kujifungua. Alirudi amechoka, miguu imevimba. Katika mzigo wake mlikuwa na kiberiti kilichojaa mbegu nyeusi, ndogo kama ufuta. Alipewa njiani na mwanamke msafiri ambaye hata jina lake hakumuuliza.

Akazipanda mwenyewe karibu na mlango wa jikoni, kapiga magoti na tumbo lake lile. "Mama," akasema, "tungoje tuone litatoka ua gani."

Hakuliona. Uzazi ulimshinda, akazikwa na mtoto wake.

Maua yale yakachanua wiki ya arobaini yake. Mama yangu alisema watu waliokuja kwenye kisomo walitoka nje wakayaona, wakasahau hata kuvaa viatu. Yalikuwa ya manjano iliyoiva, katikati mekundu, marefu yanafika kiunoni, na jioni yakitoa harufu mpaka barabarani. Hakuna aliyepata kuyaona kabla ya hapo, wala hakuna aliyejua jina lake. Bi Nyamizi alikaa mbele yake kwenye kigoda, akawa anayagusa moja moja. Tangu siku hiyo yakaitwa maua ya Sauda.

Jambo jingine dogo, liwekeni akilini. Baada ya msiba ule watu waliacha kumwita Mama Sauda. Waliona wanamtonesha. Wakawa wanamwita Bi Nyamizi, Bi Nyamizi. Ni mama yangu peke yake, Zena, aliyeendelea kumwita Mama Sauda kila siku ya Mungu. Mwenyewe Nyamizi alimwomba, akamshika mkono: "Zena, wewe usiniache. Ukiacha na wewe, nitakuwa sikuzaa." Mama akamwahidi.

Mwaka ule wa kwanza hakuna aliyethubutu kumwomba mbegu. Msiba ulikuwa mbichi. Akavuna peke yake, akapanda peke yake, na mwaka wa pili maua yakaja mengi kuliko ya kwanza. Wapita njia wakawa wanasimama. Kiangazi kilipofika, Bi Mastura, jirani wa upande wa pili, mwanamke ambaye neno halikulala kinywani mwake, akasema mbele za watu, "Jamani Bi Nyamizi, mwaka huu na sisi tukumbuke!" Wenzake wakaitikia. Nyamizi akatabasamu, akasema inshallah.

Lakini moyoni alikuwa anaungua. Alifikiri hivi: mbegu hizi ndizo zilizobaki za mwanangu. Nikimpa Mastura, atampanda nyuma ya banda la kuku. Watoto watamchuma wamtupe njiani. Miaka miwili mitatu, kila mlango utakuwa na ua hili, litakuwa ua la mji, na mtu akiliona hatasema tena Sauda. Hiyo ndiyo hofu iliyomshika. Mwana wake alikuwa amebaki jina na maua, na jina watu walishaacha kulitaja.

Unasemaje, Ramla? Angekataa tu? Loo, mwanangu, kukataa! Mwanamke anayekataa kutoa mbegu katika mtaa ule, afadhali angetukana watu msikitini. Wasingemwambia kitu. Wangemsalimia vizuri, na moto wasingemwomba tena. Na yeye hakuwa na mume wala mtoto, alikuwa na majirani basi.

Ndipo shetani akamwonyesha njia. Mchana mmoja alifunga mlango wa jikoni, akaweka kikaango kwenye moto mdogo, akamimina fungu la mbegu. Akazigeuza polepole kwa mwiko. Hakutaka ziungue, alitaka zife tu huku sura yake ikibaki ileile. Zikaanza kunukia. Na mama yangu, upande wa pili wa ukuta, harufu ikamfikia.

"Mama Sauda!" akaita. "Unakaanga ufuta? Nibakishie na mimi!"

Mwiko ukasimama. Kisha sauti ikajibu, "Ndiyo, shoga. Kidogo tu, umekwisha."

Mama akacheka, akaendelea na kazi zake.

Kesho yake Nyamizi akapita nyumba kwa nyumba na pindo la kanga. Bi Mastura alifungua fundo kwa vigelegele. Wengine wakamwombea marehemu, wakamwambia Mungu atamlipa. Alipofika kwa mama yangu, mama alifungua fundo lile taratibu, akazitazama mbegu kiganjani, machozi yakamtoka. "Nakushukuru, Mama Sauda," akasema. "Najua umejikata nyama." Nyamizi alifungua mdomo aseme. Alisema mwenyewe baadaye kwamba neno lilifika kwenye ulimi. Akaufunga mdomo, akarudi kwake.

Mama hakubakisha kidogo, alibakisha nusu nzima. Maua mengine ukipoteza mbegu utaomba kwa jirani. Haya yakipotea, mama aliwaza, yataombwa wapi? Akazifunga kwenye kitambaa, akazitundika juu ya meko, akawa anaziangalia kila akipika.

Mvua ya kwanza ikaja, kubwa, ya radi. Wanawake wote wakatoka kupanda. Nyamizi aling'oa mchicha, akang'oa pilipili, akalima mpaka kwenye ukuta, akazimwaga mbegu zake nzima zote ambazo hazikupita motoni. Alitaka akitoka jikoni asione kitu kingine chochote ila mwanawe. Mama akamuuliza, "Umebakisha lakini?" Naye akajibu upesi, kama mwenye kujitetea, "Nibakishe za nini? Si zipo kwenu?"

Zikaota kweli, kijani kimetanda. Kwa wengine hazikuota, lakini hawakushangaa sana, wakasema tungoje. Kisha mvua ikakatika.

Ikakatika kabisa, wanangu. Ilikuwa mvua ya kudanganya. Jua likawaka juu ya miche ile mpaka ardhi ikapasuka. Visima vikashuka, watu wakapanga foleni ya maji ya kunywa. Nyamizi akawa anateremka ziwani na ndoo, anapanda nayo kilima kichwani, anamwagia, maji yanazama huku yeye anatazama. Shingo ilimvimba. Akakosa hata hamu ya kula. Lakini kilichokuwa kijani kikawa manjano, na kilichokuwa manjano kikawa vumbi. Mwisho mama alimkuta amepiga magoti anafukua udongo kwa kucha, anatafuta hata kimoja kilicho hai. Hakikuwepo.

Hapo alilia, akailaani mvua. "Mvua hii imeniua! Imenidanganya, imemchukua Sauda mara ya pili! Nilimkosea nini Mungu mimi?" Watu wakamwambia nyamaza, usikufuru. Na Bi Mastura na wenzake wakalia naye, wakisema hata sisi, Bi Nyamizi, hata kwetu mvua imetuulia zote. Hebu fikirini mtu anayelia huku anafarijiwa na watu aliowahadaa.

Siku nyingi kidogo zikapita, mvua ya kweli ikaja. Ile ya utaratibu, inanyesha na kupumzika. Watu wakashusha vitambaa vyao, wakarudishiana mbegu, wakapanda upya. Nyamizi alikuwa amelala ndani, ameugeukia ukuta. Mama yangu akaingia bila hodi, anacheka, mkononi ana kitambaa cheusi kwa moshi.

"Amka, Mama Sauda. Acha kulia. Mwanao yuko kwangu."

Nyamizi akainuka nusu. "Unasema nini, Zena?"

"Hizi hapa! Umesahau? Mbegu za mwenyewe. Nilibakisha nusu." Akamwekea kiganjani.

Nyamizi hakuvifunga vidole. Akabaki anakitazama kile kitambaa. "Wengine nao," akauliza, "wamebakisha?"

"Mastura anazo kidogo, amesema atakuletea. Wote watakuletea. Haya, jembe liko wapi?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Maua yasingerudi, lakini mama yangu angesikia kwa wakati wake, wakiwa wawili tu chumbani. Nyamizi hakusema. Alimfuata nje, akapiga magoti karibu naye, wakapanda pamoja mbegu zile ambazo mmoja alijua zimekufa. Na msidhani alikuwa anaigiza. Alisema alikuwa anaomba kwa moyo wake wote. Alijiambia, labda moja ilikuwa pembeni mwa kikaango, haikupata moto. Punje moja tu, ee Mola, itanitosha. Kila asubuhi alitoka na tumaini hilo, na kila asubuhi akakuta udongo.

Mama yangu hakulala. Alileta mbolea ya kuku, alifukuza kuku hao hao, alijenga kiuzio cha mabua. Majirani wakaleta vitambaa vyao, kimoja kimoja, wakavimwaga palepale. Mirehani ya watu ikaota, maua ya watu yakaota, hata mchicha uliong'olewa ukachipua wenyewe pembeni. Pale pa Sauda hapakutoka kitu.

Siku moja mama akainama, akachimbua punje moja kwa ukucha. Ilikuwa imeoza. Akaitazama, kisha akakaa chini palepale kwenye tope.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi, Mama Sauda. Nilizitundika chini mno. Moto wa meko yangu ndio uliozipika. Nimekuulia mwanao kwa mkono wangu." Akalia mama yangu, mtu mzima, akajipiga kifuani.

Bi Mastura alikuwa amesimama kwenye kiuzio. Naye akaingilia kama kawaida yake: "Acha kujitia makosa, Zena! Za kwangu sikuzitundika kwenye meko, na hazikuota. Ni mvua hii. Mvua ya mwaka huu ina mkosi, mimi nimesema tangu mwanzo."

"Mvua haina kosa," akasema Nyamizi.

Wote wakamgeukia.

"Mvua haina kosa. Mkaanga mbegu asilaumu mvua."

Mama yangu akadhani anasemwa yeye. Akaushika mguu wa mwenzake. "Nisamehe. Wallahi sikukusudia. Nisamehe, Mama Sauda."

"Si wewe, Zena. Usinishike mguu." Nyamizi alikuwa hatazami mtu. "Unakumbuka ile siku uliponiita ukutani, ukaniuliza kama nakaanga ufuta?"

Bi Mastura alielewa kwanza, akaweka mkono mdomoni.

"Zote?" mama akauliza.

"Zote nilizowapa."

"Na zangu?"

"Na zako."

"Kwa nini na zangu?"

Nyamizi akasema, "Niliogopa. Niliona nikimgawa atakwisha."

Mama yangu akauachia ule mguu. Akasimama, akakung'uta tope kwenye kanga yake. Hakupandisha sauti. "Ungenipa punje mbili tu nzima," akasema, "leo Sauda angekuwa kwangu, amening'inia juu ya meko, nawe ungekuja kumchukua. Mimi nilikuwa nakutunzia majivu."

Nyamizi akainama, akashika udongo ule mtupu.

"Nakwenda, Bi Nyamizi," akasema mama yangu.

Bi Nyamizi. Mmesikia? Mastura alisikia. Nyamizi mwenyewe alisikia, akainua uso kama aliyepigwa, lakini mama alikuwa ameshavuka kiuzio.

Kinywa cha Mastura mnakijua sasa. Kabla ya magharibi neno lilikuwa kisimani, na kufika Ijumaa lilikuwa sokoni, wanaambizana: mkaanga mbegu asilaumu mvua. Hakuna aliyemtenga, lazima niseme ukweli. Mama yangu aliendelea kumpelekea chakula akiugua, na siku aliyokufa mama ndiye aliyemwosha. Lakini aliishi miaka mingi baada ya siku ile, na katika miaka yote hiyo hakuna kiumbe aliyemwita Mama Sauda. Alikuwa anakaa kwenye kigoda chake mbele ya udongo mtupu, akisikia mtu anapita ukutani anageuka. Mama alisema alijaribu mara nyingi kulitamka lile jina. Lilikataa kutoka. Hilo ndilo lililomfanya asirudie kunisimulia, maana alibaki na deni la ile ahadi aliyompa Nyamizi, ambalo hakuweza kulilipa.

Na ua lile, msiniulize. Halipo. Nimezunguka na umri huu wote, nimeuliza watu wa ng'ambo, nimeeleza manjano yake na wekundu wake. Hakuna anayelijua. Nimebaki nalo kwa maneno tu, nami nawapa nyinyi, zima, halijapita motoni.

Mbona umeacha kuchambua, Ramla? Futa macho, choroko zinaingia maji. Na kesho ukipita kwa fundi Bilali, ukimkuta yule jamaa bado anawalaumu majirani kwa paa lake, usicheke tena. Mkaanga mbegu asilaumu mvua.